Kuhesabu si Kutuhumu: Tunachojifunza kwa Kampuni za Simu

Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano mkuu wa mwaka na harambee ya kukamilisha bweni la wasichana



Tunamshukuru Mungu kwa kutukutanisha tena. Wapo ambao mwaka jana tulikaa nao kwenye viti hivi na leo hatunao. Tunawaombea pumziko jema.

Kamati ya maandalizi imetuomba, sisi wanachama tunaofanya kazi ya uhasibu mjini, tuzungumze juu ya uongozi na usimamizi. Tungeweza kuwasomea kutoka vitabuni: kiongozi wa amri, kiongozi wa ushirikishi, kiongozi anayeacha mambo yajiendee. Tumeona ni heri tuzungumze juu ya kitu ambacho karibu kila mmoja wetu anacho mfukoni, yaani simu. Nyuma ya simu hiyo kuna kampuni kubwa, na ndani ya kampuni kuna maswali manne ambayo hayana budi kujibiwa. Mwenye mali ni nani? Nani anasikilizwa kabla ya kuamua? Nani anashika fedha? Kiongozi akiondoka, kinabaki nini? Maswali hayo hayo ndiyo yaliyo mbele yetu leo, kwa sababu boma la bweni limefika kwenye lenta na limepigwa na mvua za misimu miwili bila bati.

Mwenye mali ni nani?

Tuanze na simu yetu ya taifa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania iliunda Shirika lake la Posta na Simu. Mwaka 1994 shirika hilo likagawanywa, na upande wa simu ukawa kampuni tunayoijua kwa jina la TTCL. Mwaka 2001 Serikali iliuza asilimia 35 ya hisa kwa wabia kutoka Ulaya, MSI ya Uholanzi na Detecon ya Ujerumani. Mwaka huo huo, chini ya TTCL, ikazaliwa kampuni ya simu za mkononi ya Celtel. Mwaka 2005 Celtel ikatenganishwa na mama yake. Baadaye ikaitwa Zain, na tangu 2010 tunaiita Airtel. Mwaka 2007 usimamizi wa TTCL ukakabidhiwa kwa mkataba SaskTel ya Kanada, na mkataba huo ukakatika mwaka 2009 kabla ya muda wake. Mwaka 2016 Serikali ikainunua ile asilimia 35 kwa shilingi bilioni 14.9, na mwaka 2018 TTCL ikarudi kuwa shirika la umma kwa sheria mpya.

Mfikirieni fundi aliyeajiriwa mwaka 1990 akiwa kijana wa miaka ishirini na mitano. Bila kuhama mtaa, amefanya kazi kwenye shirika, kwenye kampuni ya Serikali, kwenye kampuni yenye wabia wa Ulaya, chini ya wasimamizi wa Kanada, na akafika miaka michache kabla ya kustaafu akiwa tena kwenye shirika. Kila aliyekuja alikuja na mpango wake. Na wakati wenye hisa wanavutana juu ya nani aweke fedha na nani aamue, kampuni za simu za mkononi zilikuwa zinapanda minara.

Hatusemi mafundi wale walikuwa wazembe. Shirika hilo hilo ndilo lililokabidhiwa kuusimamia Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009 na ambao kampuni nyingine za simu nazo hukodi. Utaalamu ulikuwepo. Kilichoyumba ni kujulikana kwa mwenye kauli. Msimamizi asiyejua kesho atawajibika kwa nani hawezi kupanga mambo ya miaka kumi. Atapanga ya mwezi huu tu.

Turudi kwenye bweni letu. Linajengwa kwenye kiwanja cha shule ya Serikali, kwa fedha za wanachama, kwa mchanga, mawe na nguvu kazi ya wanakijiji. Likikamilika, nani atakuwa na kauli juu yake? Nani atalipa mlinzi? Kitanda kikivunjika, atakayekinunua ni chama, kijiji au halmashauri? Ni vyema majibu yaandikwe na kutiwa sahihi sasa, wakati bado tunacheka pamoja.

Nani anasikilizwa?

Sisi watu wa nyanda za kati tuna somo letu la uongozi ambalo halikutoka mbali. Lipo Kongwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ya Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Wakubwa wa London wakaamua kwamba karanga zilimwe Tanganyika kwa matrekta, kwenye mamilioni ya ekari, na kazi ikaanzia Kongwa mwaka 1947. Ardhi ilipokauka ikawa ngumu kama tofali, mizizi ya vichaka ikavunja majembe ya matrekta, na mvua ikaja kama inavyokuja kwetu siku zote, yaani kwa kupenda kwake. Mwaka 1951 mradi ulifutwa na hasara ya takribani pauni milioni 36.

Bibi yeyote wa Ugogo angeweza kuwaambia kwa nini tunapanda uwele na mtama na kwa nini tunafuga ng'ombe. Lakini mpango ule ulikuwa unashuka kutoka juu, na haukuwa na njia ya kupandisha neno kutoka chini.

Sasa linganisheni na jambo lililotokea Kenya. Mwaka 2005 Safaricom na mbia wake Vodafone walianza jaribio dogo, sehemu yake ikiwa katika mji wa Thika. Lengo lilikuwa kuwawezesha watu waliokopa kwenye taasisi ya mikopo midogo kurejesha marejesho yao kwa simu. Watu walipopewa njia hiyo wakaitumia kwa mambo yao: mmoja akamtumia mke fedha, mwingine akajitumia mwenyewe kabla ya kusafiri ili asiibiwe njiani. Viongozi wakali wangesema wateja wamekosea maelekezo. Wale walitazama, wakauliza, wakabadilisha mpango mzima. Mwezi Machi 2007 M-Pesa ilipozinduliwa Kenya, habari ya mikopo ilikuwa imewekwa pembeni. Ilitangazwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Mwezi Aprili 2008 huduma hiyo ikaanza Tanzania kupitia Vodacom, na leo hakuna kituo cha mabasi kati ya Mpwapwa na Manyoni ambako huwezi kumwona mtu amekaa kwenye kibanda cha wakala.

Tofauti ya Kongwa na Thika haikuwa akili. London walikuwepo wasomi wengi. Tofauti ni kwamba Thika walianza kidogo, wakatazama yanayotokea, na wakakubali kufundishwa na mteja.

Kwetu sisi hii ina maana gani? Ina maana kamati ya Dar es Salaam isiwe ndiyo inayochagua fundi wa bweni kwa simu. Kamati ya ujenzi iliyopo nyumbani ndiyo inayojua fundi yupi hunywa fedha ya saruji na yupi humaliza kazi, na ndiyo inayojua mchanga wa korongo lipi una chumvi. Wapewe uwezo wa kuamua manunuzi madogo bila kusubiri kikao cha mjini, kwa kiwango kitakachowekwa na mkutano huu, nao walete stakabadhi.

Kiti kinapobaki wazi

Michael Joseph aliiongoza Safaricom tangu mwaka 2000 hadi 2010. Alipoanza, wateja hawakufika elfu ishirini. Alipoondoka walikuwa zaidi ya milioni kumi na sita. Alikuwa kiongozi wa kushika usukani mwenyewe, mwenye maneno makali. Aliwahi kuwaudhi Wakenya kwa kusema wana tabia za ajabu za kupiga simu. Lakini tangu mwanzo kampuni yake ilimtoza mteja kwa sekunde alizozungumza badala ya kumlazimisha kulipia dakika nzima, na hivyo mtu mwenye vocha ndogo akaona naye anahesabiwa kuwa mteja.

Aliyemfuata ni Bob Collymore, mzaliwa wa Guyana. Huyu alikuwa mtu wa namna nyingine, mpole na mwepesi wa kusikiliza. Alifanya jambo ambalo wakurugenzi wengi hawalifanyi: aliitangaza hadharani mali yake. Tarehe 1 Julai 2019 alifariki dunia kwa saratani akiwa bado kazini. Ulikuwa msiba mkubwa, lakini kampuni haikuyumba. Joseph alirudi kukishikilia kiti kwa miezi michache, na tarehe 1 Aprili 2020 Peter Ndegwa akaanza kazi, Mkenya wa kwanza kukikalia kiti hicho.

Watu watatu, tabia tatu, kampuni moja. Wapo wanaouliza ni mtindo gani wa uongozi ulio bora, wa ukali au wa upole. Kwa macho yetu ya uhasibu, swali hilo si la kwanza. Mkali anaweza kujenga na mpole anaweza kujenga. La kwanza ni kama mambo yameandikwa na kukaguliwa kiasi kwamba anayekuja anaweza kufungua kabati na kuendelea na kazi.

Hata Mo Ibrahim, yule Msudani aliyeianzisha Celtel, alipokwisha kuuza kampuni yake mwaka 2005 kwa dola bilioni 3.4, aliweka tuzo kwa marais wa Afrika waliotawala vizuri na kuachia madaraka kwa mujibu wa katiba. Wa kwanza kuipata, mwaka 2007, ni Joaquim Chissano wa Msumbiji. Tajiri wa simu aliona jambo la kulipiwa fedha nyingi ni kiongozi kujua saa ya kukabidhi.

Wazee wetu, tunasema jambo hili kwa heshima. Mwenyekiti wetu amekibeba chama hiki tangu kilipokuwa watu wachache chini ya mti. Wengi wetu tulianza kuchangia kwa sababu ni yeye aliyetupigia. Jina lake ndilo lililokuwa benki yetu. Lakini jina la mtu, hata liwe jema namna gani, halirithishwi kwa mhuri. Tukimpenda, tumsaidie kuiweka imani ile kwenye daftari, kwenye akaunti na kwenye katiba, ili siku atakapotaka kupumzika apumzike kweli, asiitwe usiku kuulizwa funguo ziko wapi.

Fedha isiyo ya mtu

Tumefika kwenye eneo letu la kazi. Mtazameni dada wakala kwenye kibanda chake. Tuseme ana mtaji wa shilingi 2,000,000. Asubuhi anafungua akiwa na taslimu 800,000 kwenye droo na floti 1,200,000 kwenye simu. Mteja akitoa 100,000, taslimu inabaki 700,000 na floti inakuwa 1,300,000. Jumla ni ile ile milioni mbili. Siku nzima fedha inahama upande mmoja kwenda mwingine, lakini jumla haibadiliki. Kamisheni yake ina hesabu yake. Jioni anahesabu. Jumla ikipungua, anajua jioni hiyo hiyo. Hasubiri mkutano mkuu.

Tena kila muamala unaleta ujumbe pande mbili, kwa mteja na kwa wakala. Hakuna anayehitaji kumwamini mwenzake kwa maneno. Na fedha za wateja wote hazikai kwenye mfuko wa kampuni ya simu. Zinakaa benki, kwenye akaunti ya amana, zimetengwa na fedha za kampuni, na tangu mwaka 2015 ipo Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa inayosimamia hayo. Kampuni ikitaka kulipa mishahara haiwezi kuchukua elfu kumi ya bibi wa Bahi.

Mwaka 2017 Vodacom Tanzania iliuza hisa milioni 560 kwa umma, kila moja shilingi 850, na ikaorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Tangu hapo hesabu zake zilizokaguliwa hutolewa hadharani. Mwenye hisa mia moja anasoma hesabu zile zile anazosoma mwenye hisa milioni moja.

Je, dada wakala akihesabu droo yake jioni, anajituhumu kuwa ni mwizi? Hapana. Anailinda kazi yake, na anaulinda usingizi wake. Ndugu zetu, kuhesabu si kutuhumu. Tunalisema hili kwa sauti kwa sababu tunajua maneno yanayosemwa pembeni. Vijana wa mjini wanasema hawatachangia tena mpaka waone hesabu. Wazee wa nyumbani wanasema wanaoomba hesabu wanawaita wezi. Huku maneno yanazunguka, michango inapungua, na boma linazidi kulowa. Wanaoumia si hao wala hawa. Ni mabinti wanaotembea umbali mrefu kabla ya jua kuchomoza, au wanaopanga vyumba senta bila mlezi, na baadhi yao tunasikia wameacha shule kabla ya kidato cha nne. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakusema mali bila daftari huibiwa. Inaweza kupotea mikononi mwa watu waaminifu kabisa.

Tunachopendekeza

Tunaomba mkutano huu uyajadili mambo matano, na uyapitishe kabla bahasha za harambee hazijafunguliwa.

Moja. Michango yote iingie kwenye akaunti ya benki ya chama au kwenye lipa namba yenye jina la chama. Mchango usiingie kwenye laini ya mtu binafsi, awe Mwenyekiti, Mweka Hazina au mmoja wetu sisi.

Mbili. Watia sahihi wawe watatu, na fedha itoke kwa sahihi za wawili, mmoja wao akiwa anaishi nyumbani. Fedha ya bweni itengwe, isichanganywe na fedha ya rambirambi wala ya nauli za vikao.

Tatu. Kila anayechangia apate stakabadhi au ujumbe siku hiyo hiyo, hata kama ametoa debe la karanga au mfuko mmoja wa saruji. Debe hilo liandikwe kwa thamani yake. Kila baada ya miezi mitatu mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa shule na wa ofisi ya kijiji, na yatumwe kwenye kundi letu la WhatsApp, ukurasa mmoja, kwa lugha anayoielewa kila mtu.

Nne. Hesabu zikaguliwe kila mwaka na watu wawili wasio viongozi, waliochaguliwa hapa mkutanoni. Sisi tuko tayari kuwafundisha bila malipo namna ya kukagua. Hatuko tayari kujikagua wenyewe.

Tano. Uongozi uwe wa miaka mitatu, na mtu asizidi vipindi viwili mfululizo. Anayeondoka akabidhi kwa maandishi: mhuri, katiba, vitabu vya benki, orodha ya wanachama, mikataba na madeni. Wazee waasisi wawe baraza la ushauri, maana hekima haistaafu.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya makampuni makubwa, sisi ni chama kidogo. Ni kweli sisi ni wadogo. Lakini kampuni kubwa ikipoteza milioni kumi, huziandika kwenye hasara na kesho yake hufungua ofisi. Sisi tukipoteza milioni kumi, tumepoteza paa. Mdogo ndiye anayehitaji daftari zaidi.

Wapo pia watakaosema tusubiri mwakani. Mbao zimekwisha kupimwa, bei ya bati tunaijua, na hesabu ya kilichobaki imechapwa ukurasa wa mwisho wa kitabu hiki, mstari kwa mstari, kuanzia kenchi hadi kitasa cha mlango wa choo. Mvua za kwetu huanza mwishoni mwa mwaka. Ukuta ule hautavumilia msimu wa tatu.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili leo. Kwanza, mnyooshe mikono kwa mapendekezo haya, au mtupe yaliyo bora kuliko haya. Pili, mkiisha kunyoosha mikono, mfungue mifuko. Sisi tuliosimama hapa tumekubaliana kutoa mabati ya chumba cha mlezi wa bweni, na fedha hiyo tumeiweka asubuhi ya leo kwenye akaunti ya chama. Stakabadhi yake ipo mezani kwa Katibu. Tunaomba kila mmoja apite aisome.

Mungu aibariki ardhi yetu na mabinti zetu.